Maswali ya Wasomaji: Jaji Aliyeandika ili Aliyeshindwa Aelewe

SWALI

Mzee wetu wa safu hii, shikamoo. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa pili, katika chuo kikuu kimoja hapa Iringa. Kila tunapofika kwenye somo la mikataba mwalimu humtaja jaji mmoja wa Uingereza, Lord Denning. Juma lililopita alituambia kwamba jaji huyo aliandika vitabu akiwa bado kazini, na kwamba kitabu kimojawapo ndicho kilichomwondoa kwenye kiti cha hukumu. Kengele ikalia, tukabaki na hamu yetu. Naomba unisimulie maisha yake. Tena unieleze kwa nini sisi tunaokaa Kihesa na Mkwawa tunasoma maneno ya Mwingereza aliyezaliwa karne ya 19, ilhali nchi yetu ni huru na ina majaji wake.

Binti wa Kihesa, Iringa

JIBU

Marahaba, mwanangu. Swali lako lina sehemu mbili, na ile ya pili nimeisubiri miaka mingi mtu aniulize, kwa hiyo utanivumilia nikirefusha.

Alfred Thompson Denning, ambaye jamaa zake walimwita Tom, alizaliwa tarehe 23 Januari 1899 katika mji mdogo wa Whitchurch, kusini mwa Uingereza. Baba yake aliuza vitambaa dukani, na mama yake alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Watoto walikuwa sita, wavulana watano na msichana mmoja. Vita Kuu ya Kwanza iliwaondolea wawili: kaka mkubwa aliuawa Ufaransa mwaka 1916, na mwingine, aliyekuwa katika jeshi la majini, alifariki kwa kifua kikuu mwaka 1918. Tom naye alipelekwa Ufaransa katika kikosi cha wahandisi wa jeshi, akarudi salama. Alimaliza hisabati Oxford kwa daraja la kwanza, akafundisha shuleni mwaka mmoja, kisha akarudi Oxford kusoma sheria na kupata tena daraja la kwanza. Aliingia kwenye uwakili mwaka 1923. Mke wake wa kwanza, binti wa mchungaji wa mji wao, alifariki mwaka 1941 na kumwachia mtoto wa kiume wa miaka mitatu. Alioa tena mwaka 1945. Kwa hiyo alipoapishwa kuwa jaji mwaka 1944, akiwa na miaka 45, alikuwa mtu aliyekwisha kuzika ndugu na mke, na mimi huliona jambo hilo katika hukumu zake kila anapomzungumzia mjane au mtoto.

Kesi ambayo mwalimu wako huitaja katika mikataba bila shaka ni ile ya jengo la High Trees, London. Mwaka 1937 kampuni moja ilikodi jengo zima kwa pauni 2,500 kwa mwaka ili nayo ipangishe nyumba mojamoja. Vita ikaja, watu wakalihama jiji kwa hofu ya mabomu, nyumba zikakaa tupu, na mwaka 1940 mwenye jengo akakubali kwa maandishi kupokea nusu tu, yaani pauni 1,250. Kufikia mwaka 1945 nyumba zote zilikuwa zimejaa tena, na mwenye jengo akadai kodi kamili. Denning alimkubalia kwa muda ulioanzia nyumba zilipojaa, lakini akaeleza kwamba lau angedai na ile nusu aliyoisamehe miaka ya vita, asingeipata, kwa kuwa mwenzake alikwisha kuitegemea ahadi ile na kupanga mambo yake juu yake. Sheria ya mikataba ya Kiingereza ilikuwa ikisema kwamba ahadi isiyolipiwa chochote haimfungi aliyeitoa. Sisi husema ahadi ni deni, na mtoto anayekulia Njombe hahitaji jaji wa kumfundisha hilo. Lakini kulitoa neno la nyumbani, kulivika hoja, na kuliingiza mahakamani likaweza kutegemewa na wakili mwingine mbele ya jaji mwingine, hiyo ni kazi, na aliifanya akiwa bado mgeni kazini, katika hukumu ya kurasa chache.

Nikuonyeshe sasa alivyoandika, maana hapo ndipo palipo na mtu mwenyewe. Mwaka 1970 ilimfikia rufani ya kesi ya mama aliyeshuhudia ajali. Aprili 1964 familia yake ilikuwa imeegesha gari kando ya barabara huko Kent, wakipumzika kwa chai. Mama alivuka barabara na mtoto mmoja kwenda kuchuma maua ya samawati yanayoitwa bluebell. Akasikia kishindo. Alipogeuka, gari jingine lilikuwa limewavamia waliobaki. Mumewe alikufa, na watoto waliumia. Swali la kisheria lilikuwa ni fidia gani anastahili kwa mshtuko uliomfanya mgonjwa wa nafsi miaka yote iliyofuata. Jaji mwingine angeanza na vifungu na kesi zilizotangulia. Denning alianza na tarehe, kisha akasema ulikuwa msimu wa maua ya bluebell huko Kent. Ni kama mtu wa Makete angeandika, “Ilikuwa mwezi wa pili, Kitulo imechanua.” Kabla hujafika kwenye sheria, umekwisha kusimama kando ya barabara na mama yule, mkono wako umeshika maua. Mahakama iliziacha pauni 4,000 alizopewa zibaki kama zilivyo.

Hukumu zake nyingi ziko hivyo: sentensi fupi, watu wenye sura, jambo lililotokea likisimuliwa kwanza, na sheria ikija baadaye. Wako mawakili waliomlaumu kwamba alisimulia kwa namna iliyomvuta msomaji upande anaoutaka yeye. Lawama hiyo ina ukweli ndani yake. Hata hivyo mimi niko upande wake, na nitakueleza kwa nini.

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka mingi. Siku moja ya masika mzee mmoja aliyekuwa na kesi ya mpaka wa shamba la mahindi alifika dirishani kwangu kuchukua nakala ya hukumu yake, kurasa 11 za Kiingereza zilizopigwa kwa taipureta. Akaikunja, akaikunjua, akafuta matone ya mvua kwa mkono wa koti lake, kisha akainama na kuniuliza kwa sauti ya chini: “Karani, nimeshinda au nimeshindwa?” Alikuwa ameshindwa. Nilianza kumweleza kwa Kiswahili, na nilipofika kwenye sababu nikajikuta nami nababaika, kwa kuwa sentensi moja ilikuwa imemeza nusu ya ukurasa. Mzee yule alikwenda zake akijua kwamba shamba limekwenda, bila kujua kwa nini. Tangu siku ile nimeamini kwamba hukumu huandikiwa aliyeshindwa kuliko mtu mwingine yeyote. Aliyeshinda hahitaji kushawishiwa.

Turudi kwenye maisha yake. Mwaka 1957 Denning alipandishwa hadi Baraza la Malordi, ambalo wakati huo ndilo lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza, lakini mwaka 1962 alirudi ngazi moja chini kwa hiari yake ili aongoze Mahakama ya Rufani katika mashauri ya madai. Hapo alikaa miaka 20. Huko juu rufani zilikuwa chache na majaji wengi. Huku chini zilikuwa nyingi, na nyingi ziliishia mikononi mwake. Mwaka 1963 serikali ilimpa kazi ya kuchunguza kashfa ya waziri wa vita, John Profumo, na ripoti yake ikanunuliwa na umma kwa zaidi ya nakala laki moja, jambo lisilo la kawaida kwa karatasi ya serikali. Nadhani hapo ndipo alipojua kwamba watu wa kawaida wangeweza kumsoma.

Kitabu kidogo cha mihadhara yake kilikuwa kimetoka mwaka 1949. Vitabu vikubwa alivianza akiwa mzee wa miaka 80, na kila mwaka alitoa kimoja: The Discipline of Law mwaka 1979, kinachoeleza jinsi alivyojaribu kuinyoosha sheria ifuate haki, The Due Process of Law mwaka 1980, The Family Story mwaka 1981, ambamo anawasimulia ndugu zake na mke wake wa kwanza, na What Next in the Law mwaka 1982. Utajiuliza mtu wa miaka 83 alikuwa akifanya nini kazini, wakati hapa kwetu Katiba humstaafisha jaji wa Mahakama Kuu akiwa na miaka 60 na wa Mahakama ya Rufani akiwa na miaka 65. Uingereza iliweka kikomo cha miaka 75 mwaka 1959, ila hakikuwagusa waliokwisha kuteuliwa.

Kitabu hicho cha mwaka 1982 ndicho alichokitaja mwalimu wako. Katika mashauri makubwa ya jinai Waingereza huteua wananchi 12 wasikilize ushahidi na kutamka kama mshtakiwa ana hatia. Denning aliandika akitilia shaka kama raia weusi wote wanafaa kwa kazi hiyo, na akagusa kesi ya ghasia za Bristol kwa namna iliyodokeza kwamba waliosikiliza kesi ile walipendelea watu wa rangi yao. Wawili kati ya waliokaa katika kesi hiyo walitishia kumshtaki, na mawakili weusi wakataka ajiuzulu. Mchapishaji akakiondoa kitabu madukani, Denning akaomba radhi, na Mei 1982 akatangaza kwamba anastaafu.

Sitaki ulipite jambo hili kwa haraka, mwanangu, kwa sababu ni sisi aliotusema. Mtu aliyemwona mama mmoja na maua yake kando ya barabara hakuwaona raia wale weusi. Kalamu yake ilikuwa na nguvu alipoandika juu ya mtu aliyesimama mbele yake, ambaye maneno yake ameyasikia na machozi yake ameyaona. Alipoandika juu ya kundi ambalo hakuishi nalo, wepesi uleule wa lugha ulimwachia aseme asichokijua. Miaka miwili kabla ya hapo, mwaka 1980, alikuwa amekataa kuruhusu kesi ya kuwadai polisi iliyofunguliwa na wanaume sita waliofungwa kwa milipuko ya mabomu ya Birmingham, waliosema kwamba polisi waliwapiga, kwa hoja kwamba kama wanasema kweli basi polisi wamedanganya kiaponi, na kwamba hilo ni jambo la kutisha mno kulifikiria. Mwaka 1991 watu wale waliachiwa huru, hukumu yao ikiwa imefutwa. Msome Denning ukiwa na mambo haya yote mezani. Alifariki tarehe 5 Machi 1999, akiwa na miaka 100 na wiki chache.

Sasa sehemu ya pili. Tunamsoma kwanza kwa sababu ya tarehe moja ambayo utaikuta kwenye mtihani: 22 Julai 1920. Sheria iliyotuletea mahakama za kikoloni ilisema kwamba sheria za Uingereza zitokanazo na hukumu za majaji, kanuni zake za haki, na sheria zake za jumla zilizokuwa zikitumika siku hiyo zitatumika Tanganyika, kwa kadiri hali ya nchi na watu wake inavyoruhusu. Kifungu hicho bado kimo katika sheria zetu. Maneno ya mwisho, “kwa kadiri hali inavyoruhusu”, ndiyo yenye uzito, na Denning aliyapa maelezo ambayo mimi sijayaona yakizidiwa.

Kesi yenyewe ilitoka jirani, Mombasa. Kampuni iliyokuwa ikitoza ushuru kwenye daraja la Nyali, wakati huo daraja la kuelea juu ya maboya, iligombana na serikali kuhusu magari ya jeshi kupita bure, na mabishano yakafika mbele ya Denning London katikati ya miaka ya 1950. Alisema kwamba sheria ya Kiingereza ni kama mwaloni wa Kiingereza: huwezi kuuhamishia Afrika ukatarajia ubaki na ugumu uleule ulio nao kwao. Utastawi, lakini unataka kutunzwa kwa uangalifu. Sheria hiyo ina misingi ya haki ambayo hakuna anayeibisha, na ina vijitawi vya ufundi visivyowafaa watu wengine, ambavyo lazima vikatwe. Akamalizia kwamba watu wa nchi hizi wanahitaji sheria wanayoielewa na watakayoiheshimu.

Mwaloni tunaujua zaidi kutoka kwenye Biblia, ile mialoni ya Mamre. Lakini wewe uko Iringa. Panda basi la Mafinga, kisha uende hadi msitu wa Sao Hill. Mipaini ile haikuwa miti ya babu zetu. Ililetwa, ikastawi, na leo nusu ya paa za mkoa zimesimama juu yake. Muulize yeyote aliyefanya kibarua kule akueleze: usipoipalilia miche, nyasi huimeza, usipopogolea matawi, mbao hujaa vifundo, usipofyeka njia za kuzuia moto, kiberiti kimoja cha mwezi wa kumi hula kazi ya miaka 15. Sheria iliyoletwa mwaka 1920 inataka panga hilohilo. Wewe, mwanafunzi wa mwaka wa pili, ndiye unayenolewa upogolee.

Denning pia ana mkono katika kuwepo kwa wanafunzi wa sheria nchini. Aliongoza kamati ya mwaka 1960 iliyoangalia elimu ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na taarifa yake ya mwaka 1961 ilitaka pafunguliwe kitivo cha sheria Dar es Salaam. Oktoba mwaka huohuo kitivo kilifunguliwa katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiofika hata 20. Hao ndio waliowafundisha waliowafundisha walimu wako.

Na lile neno lake la mwisho, kwamba watu wawe na sheria wanayoielewa, lilichukua muda kutufikia. Mahakama za mwanzo zimetumia Kiswahili tangu zamani, lakini juu yake Kiingereza kilitawala hadi mwaka 2021, Bunge liliporekebisha sheria na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Kila nikisikia hukumu ikisomwa kwa Kiswahili katika Mahakama Kuu hapa Mbeya namkumbuka yule mzee wa koti lililolowa.

SWALI

Je, “Lord” ni jina lake au ni cheo, na sisi tumwite nani tunapoandika?

Msomaji wa Makambako

JIBU

Ni cheo. Alikipata mwaka 1957 alipoingia Baraza la Malordi, na hakikurithiwa na mwanawe. Katika hukumu za mwanzo utaona anaitwa Jaji Denning (Denning J.), na tangu mwaka 1948, alipoingia Mahakama ya Rufani, Lord Justice Denning (Denning L.J.), na mwandishi makini hufuata cheo cha mwaka wa kesi anayoitaja.

SWALI

Ndugu mwandishi, salaam kutoka Tukuyu. Nimekuwa mshauri wa mahakama ya mwanzo, au mzee wa baraza kama watu wanavyotuita, kwa zaidi ya miaka 20. Nina madaftari saba ambamo niliandika kwa ufupi mashauri niliyokaa: mipaka ya migomba, mahari, ng’ombe waliokula mahindi ya jirani. Wanangu wananihimiza niyatoe kama kitabu. Naona haya, kwa kuwa mimi si msomi, tena naogopa kuvunja siri ya mahakama. Nifanyeje?

Mzee wa Tukuyu

JIBU

Mzee wangu, shikamoo. Barua yako imekaa mezani kwangu siku tatu, na kila nikiisoma natamani kuyaona madaftari hayo.

Juu ya usomi usione haya. Walioandika kutoka mahakamani kwetu si wengi kama inavyopasa. Jaji B. D. Chipeta wa Mahakama Kuu aliandika miongozo ya mahakimu na ya mwenendo wa mashauri ya madai, na nakala nilizoziona kwenye meza za mahakimu zilikuwa zimechakaa pembe kwa kufunuliwa. Jaji James Mwalusanya, yule aliyeamua mwaka 1994 kwamba adhabu ya kifo inapingana na Katiba, uamuzi ambao Mahakama ya Rufani iliutengua mwaka 1995, hukumu na maandiko yake yalikusanywa kuwa kitabu mwaka 2005. Lakini vyote hivyo vilitazama kutoka kwenye meza ya juu. Kutoka kwenye benchi la mshauri, anayemjua mdai na mdaiwa na bibi zao, sijakiona kitabu.

Kuhusu siri, tofautisha mambo mawili. Yaliyosemwa mbele ya watu, milango ikiwa wazi, si siri. Yale mliyoshauriana ninyi na hakimu kabla ya uamuzi, nani alisita na nani alikaza, yaache kaburini. Na hata katika yale ya wazi, ondoa majina. Badili na kijiji pale ambapo kijiji kinamtambulisha mtu, hasa kwenye ndoa, watoto na mambo ya aibu, kwani Rungwe ni ndogo na wajukuu wa wahusika wanasoma. Kabla ya kuchapisha, mpe hakimu mstaafu unayemwamini ayapitie.

Jambo jingine nililisema kwa yule binti wa Iringa hapo juu: andika yale uliyoyaona. Ukijikuta unaandika kwamba watu wa kabila fulani wako hivi au wanawake wako vile, weka kalamu chini urudi kwenye daftari, umtafute mtu mmoja na shauri moja.

Lugha iwe Kiswahili chako hichohicho cha barua hii, na pale ambapo neno la Kinyakyusa ndilo lililosemwa kizimbani, liache kama lilivyosemwa, kisha ulieleze. Anza na shauri la mpaka wa migomba, kwa sababu umelitaja la kwanza, na nadhani halijakutoka moyoni. Tueleze mche wa mpaka ulikuwa wa mti gani, nani aliusogeza, na ilikuwa saa ngapi mlipokwenda kuutazama. Nitakuwa Tukuyu mwishoni mwa mwezi ujao, Mungu akipenda. Ukiniruhusu nitapita nyumbani nilisome daftari la kwanza.